Mashine ya Ami na Theluthi Iliyopotea

Vitu vilivyovuka bahari pamoja na ukoo wetu ni vichache, na karibu vyote nimekwisha kuviandikia hapa: sanduku la misumari ya shaba, kidani cha bibi, dele la kahawa lililopoteza mfuniko wake baina ya Wete na Mombasa. Kitu cha leo ni cha aina nyingine. Hakikutoka kwetu, wala hakina nakshi. Ni mashine ya kuchomelea chuma kwa waya na gesi, sanduku la bati la rangi ya buluu iliyochujuka, lenye magurudumu manne na uzito wa watu wawili wazima, na umri wake umepita miaka 40. Imelisha nyumba tatu: moja Rågsved, moja Chake Chake, na moja Maskat. Majira ya baridi yaliyopita ilipungua nguvu, na kwa muda wa wiki sita ukoo mzima ukabishana juu ya hatima yake, kwa simu na kwa ujumbe wa sauti.

Naieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu najua kuwa nyumba nyingi za wahamiaji zina chombo cha namna hii: cherehani, jenereta, mashine ya kusaga, iliyoendesha maisha ya watu wa kizazi cha kwanza na sasa imekaa kwenye ghala ikisubiri uamuzi wa watoto. Aghalabu huuzwa kwa bei ya chuma chakavu, au hutiwa katika kontena kwenda nyumbani bila ya mtu kujua ina maradhi gani. Huku kupeleka nyumbani ndiko kunakonikera zaidi.

Rågsved ni kitongoji cha kusini mwa Stockholm. Treni ya chini ya ardhi ilifika hapo mwaka 1959, na majengo mengi ya ghorofa yanayokizunguka kituo ni ya miaka hiyo hiyo: marefu, ya rangi ya mchanga na kahawia, yenye misonobari katikati yake. Ukisimama kwenye veranda ya ami yangu unaliona bomba la moshi la kiwanda cha Högdalen, ambako taka za mji huchomwa zikageuzwa joto la kupashia nyumba. Kituo kimoja tu nyuma, huko huko Högdalen, kuna eneo la viwanda na karakana, na ndani yake ami amekodi kijichumba ambacho hupanga pamoja na mafundi wengine wawili. Mashine hukaa humo.

Ami ni ndugu mdogo wa marehemu baba yangu. Alizaliwa Pemba mwaka 1944, akaondoka mwaka 1964 kwa sababu ambazo wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa, akakaa Mombasa, kisha akawa baharia, na mwaka 1969 akashuka Göteborg na asipande tena. Wakati ule Uswidi ilikuwa miongoni mwa nchi za mbele duniani kwa kuunda meli, na viwanda vya Götaverken, Eriksberg na Lindholmen vilikuwa vimejipanga ukingoni mwa mto vikitafuta mikono. Mji wenyewe una nasaba na kazi hii: ni huko Göteborg ambako Oscar Kjellberg, mvumbuzi wa kijiti cha kuchomelea kilichopakwa dawa, aliasisi kampuni yake mwaka 1904. Kila fundi wa kando ya barabara kuanzia Mwanakwerekwe hadi Kongowea, anayeinama na kijiti mkononi kutengeneza geti, anatumia kizazi cha kijiti kile. Lakini meli nazo zina zama zake. Eriksberg ilifungwa mwaka 1979, wengine wakafuata, na ami akahamia Stockholm mwaka 1981 akapata kazi katika karakana ya Högdalen. Karakana ilipobadilisha mashine zake mwaka 1987, aliinunua moja ya zile za zamani kwa mshahara wa wiki mbili. Tangu hapo, jioni na Jumamosi, aliifanyia kazi zake mwenyewe: vizuizi vya ngazi, matela ya mashua, mageti, na majiko ya vyuma ya kupikia pilau za harusi na khitma za Waswahili wote wa kusini mwa mji huu.

Mwaka jana ametimiza miaka 80. Jicho moja limeingia mtoto, na mkono wa kulia unatetemeka. Hachomelei tena. Alichokitaka ni kimoja: mashine ifike Chake Chake kwa mjukuu wa dada yake, kijana aliyefungua karakana na anayefanya kazi kwa mashine ya kuazima.

Hapo ndipo matata yalipoanzia. Kijana mmoja wa ghala la jirani aliitumia mashine mwezi wa Januari akarudi akasema haina nguvu. Mwanawe ami, ambaye kwangu ni kaka, alitoa hukumu siku hiyo hiyo: ipelekwe kituo cha taka za chuma, na yule kijana wa Pemba anunuliwe mashine mpya ya kielektroniki, ambayo mtu huitundika begani kama mkoba. Sitaki kumdhulumu kaka yangu. Hoja yake ina uzito: mashine mpya ni nyepesi, zinakula umeme kidogo, na zile nzuri huvumilia umeme unaopanda na kushuka. Wengine wakasema itiwe tu kwenye kontena, huko mafundi wapo, watajua wenyewe. Ami alizikataa rai zote mbili kwa maneno machache. “Nzima, naipeleka. Imekufa, tupeni. Sipeleki maiti kwa watu.”

Kwa hiyo ilibidi tujue kama imekufa. Jumamosi moja ya Februari, nje kukiwa na nyuzi nane chini ya sifuri, tulikutana karakanani watu watatu: ami, mjukuu wake wa kike ambaye ni fundi umeme mwenye cheti, na mimi, niliyekwenda kuandika na kushika taa. Yeye humwita ami Babu, na mimi huniita shangazi. Kiswahili chake ni cha jikoni na cha salamu. Cha karakana hakuwa nacho.

Kwa wasioijua kazi hii, mashine yenyewe haina siri kubwa. Inapokea umeme wa volti 400 kwa nyaya tatu, ambazo mafundi wetu huziita fezi tatu. Transfoma iliyomo ndani huushusha umeme huo hadi makumi machache ya volti, na kwa kuushusha huongeza mkondo hadi mamia ya ampea. Rektifaya huunyoosha uende upande mmoja. Kutoka hapo mkondo unapita kwenye tochi anayoishika fundi, unaingia katika waya mwembamba unaosukumwa taratibu na magurudumu madogo, unaruka kwa mwako hadi kwenye chuma, kisha unarudi mashineni kwa njia ya kebo nene yenye kibano, kile kibano cha arthi kinachouma kazi. Yaani ni mduara. Mtu akisema mashine imepungua nguvu, ana maana kwamba mahali fulani katika mduara huo pana pengo au pamebanwa, na mara nyingi si pale anapopaona.

Dalili zilikuwa wazi. Mshono ulikaa juu ya chuma kama nta iliyodondoka juu ya meza, bila ya kuzama. Waya ulikuwa unaisukuma nyuma mkono ya fundi kwa kuwa haukuyeyuka kwa kasi unayoingia. Na sauti. Mashine nzima ya aina hii, ikirekebishwa vyema, hutoa sauti ya bajia zilizoshushwa katika mafuta yaliyoiva, mfululizo, bila kukatika. Hii ilikuwa inapasuka pa, pa, pa, kama bisi. Ami alikaa juu ya kreti, kofia ya sufi imefunika masikio nusu, akasikiliza mara moja tu. Akasema, “Anzeni na kisichogharimu.”

Tukaanza na ncha ya shaba iliyo mdomoni mwa tochi, kitundu ambamo waya hupokea umeme wake. Kitundu kilikuwa kimelika kikawa na umbo la yai, na waya ukawa unagusa hapa na pale. Ncha mpya ni senti tu. Tukaibadilisha, tukapuliza mrija wa ndani wa tochi ukatoa vumbi jeusi, tukayasafisha magurudumu. Mwako ukatulia kidogo lakini nguvu haikurudi. Gesi ilikuwa inatoka lita 12 kwa dakika, kiasi cha kutosha. Na hapa ni vizuri kutofautisha, kwa sababu watu huchanganya. Gesi ikipungua, mshono huwa na matundu kama sifongo. Haupungui joto. Mwenye mshono mzima lakini wa juujuu asiulaumu mtungi.

Kisha tukaingia kwenye kibano cha arthi. Hapa ami alitupa somo ambalo nimelipigia hesabu baadaye nyumbani. Kiungo kibovu, chenye kutu au nyuzi zilizokatika, huwa na ukinzani mdogo sana, tuseme 0.02 za omu; mita ya kawaida inaweza isiuone. Lakini ukipitisha ampea 150 hapo, unapoteza volti 3. Mashine inayochomelea kwa ampea 150 inafanya kazi kwa volti kama 21 au 22 tu, kwa hiyo 3 si haba. Na zile volti 3 haziendi bure: mara 150 ni wati 450, zinazogeuka joto papo hapo kwenye kiungo, sawa na jiko dogo la umeme. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa wanautafuta ugonjwa kwa kiganja. Unachomelea dakika mbili, unazima, unachomoa plagi, halafu unapitisha mkono kutoka mashineni hadi kwenye kibano. Palipo moto kuliko pengine ndipo nguvu inapovuja.

Mjukuu alifanya kisasa zaidi. Alishika ncha moja ya mita kwenye kipande cha chuma na nyingine kwenye kichwa cha kebo mashineni, mimi nikavuta kinyago nikachomelea (ovyo, lakini kwa kipimo inatosha), akasoma: volti tatu na nukta. Tulipokata ule mwisho wa kebo, shaba yake ilikuwa imegeuka nyeusi na kijani kiasi cha shibiri moja ndani ya mpira. Kule kwetu, ami alisema, shaba huliwa na chumvi. Hapa huliwa na jasho, kwa sababu karakana hulala kwenye baridi na asubuhi hupashwa joto ghafla, na mashine nzima hutoka umande kama glasi ya maji ya barafu. Tukakata mpaka penye shaba inayong’aa, tukatia kichwa kipya, tukasugua meno ya kibano kwa msasa.

Mshono uliofuata ulikuwa mzuri. Mimi ningeridhika, na kaka, ambaye alikuwa amepita kutuletea chai, alipiga makofi. Ami alifumba macho. “Bado,” akasema. “Inachechemea. Jifya moja limelala.”

Mjukuu alinitazama mimi nimfasirie, nami nikamwambia ni mawe ya jikoni, lakini jikoni kwao kuna jiko la umeme lenye kioo juu, neno halikupata pa kukaa. Ami akainuka. Akachukua makopo matatu ya rangi, akayapanga sakafuni kwa pembe tatu, akaweka juu yake ndoo. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Akaliondoa kopo moja, na ndoo ikalala upande juu ya yale mawili. Binti alitazama kidogo tu. “Fezi,” akasema. “Babu, tuko juu ya mbili.”

Alianzia ukutani, kwa kuwa sheria ya huku inamruhusu yeye na haituruhusu sisi. Alipima soketi: kati ya waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu, kote volti 400. Fyuzi za kauri zilikuwa nzima zote tatu. Ukuta hauna lawama. Kisha akapima umeme unaotoka mashineni pasipo na mzigo, swichi ikiwa kwenye hatua ya juu kabisa. Sahani ya mashine inasema ni volti 38. Mita ilisema 26.

Nikiri kwamba nambari ile ilinipa furaha ya mwalimu wa hesabu, kazi niliyoifanya kwa miaka 22. Theluthi mbili za 38 ni 25 na ushei. Mashine haikuwa imechoka kidogo hapa na kidogo pale, kama anavyochoka mzee. Ilikuwa imepoteza theluthi moja, karibu kamili. Fezi tatu zinapokuja kwa zamu, mmoja akishuka mwenzake amekwisha kupanda, na wastani wa umeme ulionyooshwa huwa juu. Ikikosekana moja, zile mbili zilizobaki hufanya kazi kama umeme wa nyumbani wa kawaida, unaopanda hadi kilele na kurudi hadi sifuri, na wastani wake hushuka kwa theluthi. Daiodi moja iliyokufa nayo ingeshusha volti, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Nambari yenyewe ilituelekeza pa kuchungulia.

Na kwa nini hakuna aliyetambua? Kwa sababu feni ilikuwa inazunguka, taa ya mbele inawaka, na waya unatoka vizuri. Vitu hivyo vyote hulishwa na transfoma ndogo iliyofungwa baina ya fezi mbili, na hizo mbili zilikuwa ndizo zilizobaki nzima. Ngurumo tu ndiyo iliyobadilika, ikawa nzito, na ngurumo ile aliisikia mtu mmoja.

Kabla ya kufungua bati tulichomoa plagi, na mjukuu akaiweka mfukoni mwa koti lake ili asije mtu akaichomeka kwa nia njema. Msomaji mwenye mashine kama hii afanye vivyo hivyo, na kama ndani mna kapasita, ajue kuwa hubaki na umeme hata baada ya plagi kutoka. Amwachie anayejua kuzimaliza. Ndani tulikuta miaka 40 ya vumbi la chuma, laini kama wanja. Vumbi la aina hii hupitisha umeme, si uchafu wa kudharauliwa. Tulilipuliza kwa hewa mlangoni mpaka theluji ya nje ikawa kijivu.

Baina ya nyaya za ukutani na transfoma kubwa kuna kontakta, swichi yenye sumaku inayovutwa kila fundi anapobonyeza tochi. Ina vidole vitatu vya kugusana, kimoja kwa kila fezi. Mjukuu aliibonyeza kwa bisibisi, plagi ikiwa bado mfukoni, akapima kila kidole: cha kwanza sifuri, cha pili sifuri, cha tatu hakuna kitu. Tulipoifungua, kidole cha tatu kilikuwa kimeungua mpaka kimebaki kisiki cheusi. Fikirini mara ngapi kimebanwa na kuachwa: mshono mmoja, bonyezo moja, kwa miaka 40. Kila kikiachana huruka cheche ndogo, na kila cheche huondoka na chembe ya chuma.

Kontakta mpya ilichukua siku tisa kupatikana. Si kwa sababu ni adimu, bali koili ya ile ya zamani ilikuwa ya volti 42, na nyingi zilizomo madukani sasa ni za 24 au 230. Namba hii imeandikwa ubavuni kwa maandishi madogo, na anayebadilisha aisome kabla ya kwenda dukani: koili ya 230 haitavutwa na volti 42, na ya 42 ikipewa 230 itaungua kwa sekunde chache.

Katika siku hizo tisa, mjukuu alianza kwenda kwa babu yake kila jioni baada ya kazi. Alikwenda, alivyosema, kuandika majina ya vitu. Alikuwa na daftari, na ami akampa: kibano, koleo, tupa, msasa, jiriwa, bisibisi, kidole, mshono. Alipofika kwenye neno la kuchomelea alimuuliza amelijulia wapi kwa Kiswahili ikiwa kazi alifundishwa Göteborg. Nilikuwepo jioni ile, nikikata vitunguu jikoni, na kisu kilisimama mkononi, kwa kuwa swali hilo sisi watu wazima hatukuwahi kumuuliza. Katika ukoo ilikuwa imekwisha kukubalika kuwa ami aliifundishwa kazi na Waswidi. Nami nimeiandika hivyo katika shajara ya nasaba tuliyoichapisha kwa ajili ya watoto.

Akasema alijifunza Mombasa, mwaka 1965. Alifika akiwa na miaka 21, kanzu moja, na barua ya kumtambulisha kwa mtu ambaye alikuwa amekwisha kufa. Alilala barazani kwa watu wa Kibokoni. Fundi mmoja wa Kibulushi wa Makadara, aliyekuwa akitengeneza matangi na nanga karibu na Kilindini, alimwona kila asubuhi amekaa mahali pale pale anatazama bahari. Siku ya nne akamwita, akampa kinyago na kijiti, akamwambia: kaa hapa, tazama moto badala ya maji. Alimfundisha miezi kumi na minne bila ya kuchukua senti, na kila Ijumaa alimpeleka kwake kula. Jina lake ami analikumbuka, na nimelitia katika shajara, lakini jamaa zake wapo hai na sikupata idhini yao, basi hapa sitalitaja.

Mjukuu akamuuliza kama aliwahi kurudi kumwona. Ami akasema alirudi mwaka 1983, na fundi yule alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Zile fedha alizokuwa amemchukulia aliwapa wanawe, wakazikataa, akanunua kwa fedha zile jiko la chuma na sufuria kubwa, akayaacha kwenye msikiti wao ya kupikia watu. Kisha akaomba apewe chai. Kuhusu kuondoka Pemba, na ile safari ya jahazi ya mwaka 1964, hakusema neno, na hatukumuuliza.

Kontakta ilipofika, kuifunga kulichukua saa moja. Mita ikasoma volti 37 na nusu. Tukakata vipande viwili vya bamba la milimita 6, mjukuu akachomelea mwenyewe, mshono wake wa kwanza maishani, akifuata sauti ya ami: “Polepole. Usikimbie. Iache izame.” Karakana ikajaa sauti ya bajia. Kipande kilipopoa tulikibana kwenye jiriwa, tukakipinda kwa nyundo, mshono haukupasuka. Tukaukata kwa msumeno kuona tumbo lake, na chuma kilikuwa kimekuwa kimoja mpaka chini. Ami hakuona vizuri. Alipitisha kidole gumba, akarudia, akakitia kile kipande mfukoni.

Kaka ameukubali ushahidi, kwa sharti kwamba gharama ya kontena haitokani na mfuko wake. Haki yake.

Limebaki suala la upande wa pili, nalo nimeligundua kuwa ndilo wahamiaji husahau. Mashine ya fezi tatu bila ya fezi tatu ni kabati. Tulimpigia kijana wa Chake Chake tukamwomba, kabla ya lolote, fundi wa huko apime umeme wa karakana yake mchana, wakati kila mtu anatumia. Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa kebo ya chini ya bahari tangu 2010, na hali si ile ya zamani. Lakini sisi ni watu tunaokumbuka Unguja ilivyokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kwa hiyo kuuliza si matusi. Ikiwa ukutani kuna volti 340 badala ya 400, transfoma ya zamani haina akili ya kufidia: itatoa pungufu kwa kiasi hicho hicho, na mtu atafungua mashine nzima kutafuta ugonjwa ulioko barabarani. Jibu limekuja: fezi tatu zipo, na mchana ni 390.

Gesi ndiyo ngumu. Kijana hajui ataipata wapi kwa bei ya kazi zake. Mjukuu amependekeza waya wenye unga ndani yake, ambao hujitengenezea moshi wa kujikinga na hauhitaji mtungi. Ila waya huo kwa kawaida hutaka nyaya za mashine zigeuzwe, tochi iende upande wa hasi na kibano upande wa chanya, na magurudumu yenye meno ili usipondeke. Vichwa vya nyaya vya mashine hii vinageuzika. Magurudumu yameagizwa.

Ndani ya kifuniko cha bati amebandika karatasi iliyofunikwa plastiki, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa shule ya Kiswidi: anza na kisichogharimu, pima kibano, pima ukuta, chomoa plagi uitie mfukoni. Nyaya tatu zinazoingia kwenye kontakta amezifunga vitambaa vya rangi, na karatasini ameziandika jifya la kwanza, jifya la pili, jifya la tatu. Kijana ametumiwa picha. Amejibu kwamba ameelewa yote isipokuwa neno moja, na mjukuu amempigia simu kumweleza jiriwa ni nini.

Kontena litafungwa mwezi ujao. Shajara ya nasaba, ukurasa wa ami, nimeiandika upya; wenye nakala za zamani waniandikie niwapelekee ukurasa mpya.